Bunduki ya Mbao na Bunduki Nyeusi

Siku yangu ya kwanza kwa Monsieur Servais sikugusa bunduki. Alinipa kipande cha mbao ya noyer, yaani mti wa jozi, kipande cha chuma kilichopinda kama kiwiko, na mshumaa. Akaniambia nikikalishe chuma ndani ya mbao, kisicheze na kisilazimishwe. Kisha akaenda mbele dukani kumuuzia bwana mmoja soksi za sufu. Jueni hilo mapema: duka la bunduki huishi kwa kuuza soksi.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, huko Uccle, Ulaya, kwenye barabara yenye miti ambako tramu ilipita ikitikisa vioo vya dirisha letu. Ninyi mliobaki kule kiwanda cha bunduki nilikomalizia kazi, hasa ninyi wawili mliotoka Goma na Uvira kama mimi nilivyotoka Bukavu, mmeniomba niandike nilivyojifunza kazi hii. Nitaandika ya karakana ile ya zamani. Ya kiwandani mnayajua, tena mengine mnayajua kunishinda.

Mshumaa ulikuwa wa moshi, si wa mwanga. Unapitisha chuma juu ya moto mpaka kiwe na masizi, unakibana ndani ya mbao, unakitoa. Mbao ikibaki na alama nyeusi, hapo ndipo inaposukumana na chuma. Unaparuza alama hiyo kidogo kwa patasi kali, unarudi kwenye mshumaa. Jioni nilikuwa nimeharibu kipande cha kwanza na cha pili. Servais aliviangalia akasema, "Una haraka ya mtu aliyezoea pampu." Alisema kweli. Bukavu nilikuwa fundi wa chuma katika karakana ya mapadri, nikitengeneza pampu na mashine za kusagia. Pampu haijali ukiipiga nyundo. Wakati mwingine inapona.

Servais alikuwa mseja, mfupi, mwenye mikono mipana na mgongo uliopinda kwa sababu ya miaka mingi mbele ya jiliwa. Alijifunza ufundi mjini Liège akiwa kijana. Hakunisifu hata mara moja. Kipande kikimridhisha alikiweka mfukoni mwa koti lake akaondoka nacho, na mimi nikajua.

Mke wangu Mapendo hakuipenda kazi hii tangu siku nilipoitaja. Kaka yake mkubwa alipigwa risasi na askari kwenye kizuizi cha barabarani, karibu kabisa na nyumbani kwao, akirudi na mfuko wa mihogo. Ndicho kilichotutoa Bukavu, tukiwa na Neema, mtoto wetu wa kwanza, mgongoni.

"Papa Neema," aliniambia, "tulikimbia bunduki. Sasa unaenda kuzitengeneza?"

"Ni za kuwinda tu, Mapendo. Ni za nyama ya pori."

"Risasi inajua kusoma? Inajua huyu ni nyama, huyu ni muntu?"

Nilikuwa na watoto wawili kufikia wakati huo, na hapakuwa na karakana nyingine iliyokuwa imenifungulia mlango. Kila jioni nikifika kwenye nyumba yetu ya ghorofa, Berchem-Sainte-Agathe, nilivua shati la kazi kizingitini. Mapendo aliliosha mbali na nguo nyingine, kwenye ndoo yake.

Kilichobadilisha mambo ni ufunguo. Asubuhi moja niliondoka na wa kwangu na wa kwake pia, akalazimika kunifuata hadi Uccle. Aliingia kwa mlango wa nyuma, akiwa tayari kunigombeza. Juu ya meza iliyokuwa chini ya dirisha palikuwa na kitako kitupu cha bunduki, mbao peke yake, bila chuma, kikiwa kimetoka kupakwa mafuta ya kitani. Mapendo alisimama.

"Inanukia kwa papa," akasema.

Baba yake alikuwa seremala kule Kadutu, mtaa wa Bukavu. Alitengeneza vitanda na madawati ya shule, na watoto wake wote walisugua mbao kabla hawajajua kusoma. Mapendo aliweka kiganja juu ya kitako kile, akaanza kukisugua taratibu kufuata mishipa ya mbao, huku akiendelea kunigombeza kuhusu ufunguo. Servais alitoka dukani, akatazama ule mkono. Baadaye aliniuliza kama mke wangu angekubali kuja asubuhi kadhaa za wiki. Viganja vyake mwenyewe vilikuwa vimeanza kuuma, na mafuta hayaingii kwenye mbao vizuri bila joto la kiganja. Kitambaa hakitoshi.

Mapendo alikubali kwa sharti moja, asione chuma. Servais, ambaye sikuwahi kumsikia akisema neno tamu, alinunua pazia nene la kijani akalitundika kukata karakana katikati. Upande wa ndani, chuma na mimi. Upande wa dirisha, mbao na Mapendo. Kabla hajafika asubuhi, mitutu yote ilikuwa nyuma ya pazia. Kuna siku nilimkuta Servais akifagia hata vumbi la chuma sakafuni upande ule, ingawa goti lake moja lilikuwa bovu.

Miaka ile ndiyo ninayoililia. Siku aliponingoja hadi jioni tulirudi nyumbani pamoja kwa tramu, tukiongea kazi. Aliniambia kitako fulani kinakunywa mafuta kama mlevi, kingine kina fundo linalokataa kung'aa. Mimi nilimweleza mambo ya upande wangu bila kutaja yale asiyotaka. Wale mnaofanya kazi na wake zenu au waume zenu mtajua: mtu anayejua kwa nini vidole vyako vimechoka hahitaji kuelezwa mengi.

Mteja niliyemfahamu kuliko wote aliitwa Monsieur Gérard. Alikuwa bwana shamba kwetu Kivu zamani, kwenye kahawa, na alikuwa rafiki wa Servais kwa miaka mingi kabla sijafika. Alijua Kiswahili, lakini Kiswahili cha kuamrisha tu: leta, weka, ondoa, fanya mbio. Siku ya kwanza alipomkuta Mapendo alimwambia, "Mama, leta kiti."

Mapendo hakuinua macho. "Kwetu tunaanza na jambo, tonton."

Gérard, huyo tonton, yaani mjomba, akawa mwekundu masikio. "Jambo, mama," akasema. Akajiletea kiti mwenyewe, na tangu hapo hakuvuka kizingiti bila kusema jambo, hata kama alikuwa amelowa mvua hadi mifupani.

Bunduki yake ilitengenezwa kwa ajili ya baba yake. Kitako cha noyer cheusi kidogo penye shavu, pale vizazi viwili vilipoegemea. Komeo la kuvuta kwa mkono, risasi moja moja, mwendo laini kama droo ya kabati zuri. Haikuwa na darubini. Ilikuwa na alama mbili za chuma tu, moja karibu na jicho, nyingine mwisho wa mtutu, na wewe unaziweka kwenye mstari na mnyama. Kwa bunduki ya namna hiyo mwindaji analazimika kumkaribia mnyama, asubiri upepo, akae kimya kwenye baridi, na mara nyingi arudi mikono mitupu. Mnyama mwenyewe, wanayemwita cerf, ana pembe kama matawi. Kwetu hayuko, mimi nilimwita kulungu. Gérard alipendelea ayala, neno alilolisikia kwenye misa ya Kiswahili. Kila mwaka kabla ya msimu alileta bunduki ikaguliwe, wakanywa kahawa na Servais. Baada ya msimu alileta paja la ayala limefungwa kwenye gazeti. Mapendo alilipika kwa nyanya na pilipili, na wale wazee wawili walikula wakitokwa jasho na kukataa kukiri kwamba linawawasha.

Katikati ya muongo zikaja bunduki za kisasa. Zilikuwepo kabla, lakini sasa wateja walianza kuziomba zenyewe. Kitako cha plastiki nyeusi, mtutu wa chuma kisichoshika kutu, darubini juu. Servais alinituma uwanja wa shabaha kuijaribu ya kwanza. Sitawadanganya kwa sababu ya mapenzi yangu kwa mbao. Risasi zilitua karibu karibu, ungeweza kuzifunika zote kwa kifuniko cha chupa. Kesho yake mvua ilinyesha, nikajaribu tena, na risasi zikatua palepale. Bunduki ya mbao ikilala kwenye unyevu wa misitu ya Ardennes, mbao inavimba, inausukuma mtutu, na asubuhi risasi inatua upana wa kiganja mbali na jana. Ndiyo maana ya mshumaa wote ule. Tulikuwa tukipigana na mvua kwa masizi.

Nilimweleza Servais nilichokiona. Alisikiliza hadi mwisho.

"Ni chombo kizuri," akasema. "Hakina haja na sisi." Akarudi kwenye tupa yake.

Vijana wa wateja wake walileta bunduki za baba zao wakitaka kuzibadilisha. Servais alizipokea, akazipanga ukutani, na hazikununuliwa. Kazi ya Mapendo ikaanza kupungua. Asubuhi nne za wiki zikawa mbili.

Halafu likatokea la Gérard. Alikuja siku ya kazi, asubuhi, bila bunduki, na hakukaa. Servais alikuwa mbele na mteja. Gérard alizungumza nami kwa Kiswahili, ambacho miaka ya kuja kwetu ilikuwa imekirefusha, nadhani kwa sababu kwa Kifaransa yangemshinda mdomoni.

"Déo, nilipiga ayala mubaya."

"Wapi?"

"Tumboni. Nilizani ni bega. Haikukuwa bega. Akakimbia. Tulitafuta na imbwa mpaka giza. Asubuhi tukamupata, alikuwa angali anapumua." Alifuta midomo. "Aliniangalia. Macho yangu imekufa, Déo. Ile alama ya mbele siioni tena, naona kivuli tu."

Servais alipoingia, Gérard alimwambia moja kwa moja, kwa Kifaransa, kwamba anataka bunduki ya kisasa yenye darubini. Servais alijibu kwamba darubini inaweza kufungwa kwenye ile ya baba yake, atatoboa chuma matundu manne tu. Gérard akasema hataki itobolewe, aiache kama baba yake alivyoiacha. Basi pumzika kuwinda, Servais akasema. Gérard akasema msitu ndio uliobaki katika maisha yake, tangu mkewe afariki.

"Niuzie ile nyeusi, Servais. Si kwa ajili yangu. Kwa ajili ya mnyama."

"Kwa ajili ya mnyama ungemkaribia zaidi."

"Miguu yangu pia imekwisha! Unataka nini, nitambae?"

Nilikuwa nimeshika kifuniko cha kopo la mafuta, sikujua nikiweke wapi. Nilimwelewa kila mmoja. Gérard alikuwa na sababu nzuri kuliko wateja wote waliowahi kuomba bunduki nyeusi. Na Servais hakuwa akibishania bunduki. Aliona rafiki yake wa mwisho akitoka kwa mlango uleule waliotokea wengine.

"Inunue kwingine," akasema. "Na paja la nyama usiniletee tena."

Gérard akainunua kwingine. Majira ya vuli yakapita, kahawa haikunywewa, gazeti lenye nyama halikuja. Nilijaribu mara kadhaa kumtaja Gérard wakati wa chakula cha mchana. Kila mara Servais alianza kuzungumzia bei ya soksi.

Mwaka ule vita vilifika Kivu. Mama mkwe wangu alikuwa bado Bukavu, na kwa majuma mengi hatukujua kama yu hai. Mapendo alitazama habari kila jioni akiwa amesimama, mkono mdomoni. Lakini asubuhi zake mbili hakuziacha. Alisema akisugua mbao kichwa kinanyamaza.

Asubuhi moja Servais alikuwa kwa daktari. Gérard, aliyekuwa amejua hilo sijui kwa njia gani, aliingia kwa mlango wa nyuma na mfuko mrefu. Darubini yake ilikuwa imegongwa garini, na hakumwamini fundi mwingine zaidi yangu. Kabla sijatoka nyuma ya pazia alikuwa ameitoa bunduki kwenye mfuko na kuilaza juu ya meza ya kwanza aliyoikuta, ile ya dirishani. Mapendo akafungua mlango papo hapo.

"Jambo, mama," Gérard akasema.

Mapendo hakumjibu. Alikuwa akiitazama meza yake.

"Hiyo ni ya basoda," akasema, akimaanisha askari.

"Hapana, mama. Ni ya ayala tu."

"Tonton, jana nimeiona kwa télé. Nyeusi ivi ivi. Ilikuwa mu barabara ya kwetu, ile ya kushuka soko. Usiniambie ni ya nini."

Gérard alianza kuirudisha mfukoni, zipu ikakwama. Mapendo alichukua aproni yake kwenye msumari. Nilimfuata hadi nje. Nilimweleza kwamba haikuwa ile, kwamba ile ya askari inamimina risasi mfululizo, kwamba hii ni moja moja kama zile za mbao. Yote hayo ni kweli, na mtu wa kazi angenielewa.

"Najua unasema kweli," akaniambia. "Lakini mi sina nguvu ya kutofautisha. Zile za mbao, nilikuwa najidanganya ni meza ya papa. Sasa siwezi tena kujidanganya."

Akapanda tramu peke yake. Servais aliporudi alisikiliza habari, akaenda kukaa upande wa dirisha, kwenye kiti cha Mapendo. Pazia la kijani alilifunga kila asubuhi hadi mwisho wa mwezi, asije mtu akarudi akakuta chuma.

Mama mkwe wangu alipatikana baadaye, akiwa kwa jamaa, mzima. Mapendo alijifunza kazi ya kuhudumia wazee, akaajiriwa katika nyumba ya wazee si mbali na kwetu. Karakana iliendelea kwa shida. Mwaka uliofuata Servais alianguka mbele ya jiliwa lake na kiharusi. Nilimsikia akianguka. Aliamka hospitalini bila maneno, na mkono wa kulia umekufa. Vifaa vyake vikauzwa kimoja kimoja kwa watu wa mnada, ambao waliziita patasi zake "za mapambo."

Ni Mapendo aliyemtafutia nafasi kule alikofanya kazi. Alimwogesha, akamlisha, akamkata kucha. Jioni moja aliniambia:

"Papa Neema, enda umulete ule tonton wa Uccle. Huyu muzee anaangalia mulango siku yote. Anangojea muntu, na haiko wewe."

Nilikwenda. Gérard alinifungulia, amekonda, akasikia neno la kwanza tu akaanza kutafuta koti. Alipoingia chumbani mwa Servais alimsalimia Mapendo kwanza, "Jambo, mama," na safari hii Mapendo akaitikia. Kisha akakaa kando ya kitanda cha rafiki yake.

Alimwambia kwamba bunduki nyeusi alikuwa ameitumia msimu mmoja. Kwamba ayala wa mwisho alimwona ndani ya darubini karibu kiasi cha kuhesabu kope zake, na mvuke wa pua yake, naye mnyama hakujua kama mtu yuko duniani. Alimtazama muda mrefu, akashusha mtutu. Tangu siku hiyo hakuwinda tena.

Servais alisikiliza. Akainua mkono wa kushoto, ule mzima, akauleta polepole hadi shavuni, akaegemeza shavu kwenye kiganja, akamwangalia Gérard kwa kumuuliza. Mapendo alidhani anaumwa jino. Mimi nilijua, na Gérard pia. Lilikuwa swali ambalo Servais alimuuliza kila mteja aliyewahi kujaribu bunduki: inakaaje shavuni?

"Ni baridi," Gérard akasema. "Ni baridi sana, mzee wangu."

Servais alitikisa kichwa, akatabasamu kwa nusu ya mdomo iliyomtii. Walikaa hivyo, mkono juu ya mkono, hadi saa ya supu. Tulipotoka Gérard alisimama kwenye ngazi akitafuta kitambaa katika mifuko yote. "Muda wote ule tulitengwa na vituo vichache tu vya tramu, mimi na yeye," aliniambia. "Ningeweza kwenda kwa miguu. Hata kwa miguu hii." Alikuwa amepanga kurudi Jumapili. Servais alifariki kabla ya Jumapili hiyo, asubuhi, Mapendo akiwa zamu.

Nilikuja kwenu baada ya hapo. Mlinipokea vizuri, na bunduki mlizonipa kufunga zilikuwa za kisasa, bora, zenye usalama kuliko zozote nilizofunga kwa mshumaa. Mteja akiwauliza ipi inafaa kwa kulungu, ya zamani au ya sasa, msimjibu haraka. Mwulizeni kwanza macho yake yakoje, na miguu yake, na kama ana subira ya kurudi nyumbani bila kitu. Mengine ni mazungumzo ya baa.

Lakini kwenye meza yetu ya chakula kiwanda hakikutajwa. Mapendo aliniuliza habari za mgongo wangu, za tramu, za mvua. Shati langu aliliosha kwenye ndoo yake, kama mwanzoni. Hakuninunia, tuliishi vizuri, tukalea watoto wetu. Ila tulikoma kuongea kazi, na miaka ikawa mingi juu ya hilo.

Siku niliyostaafu, nikawarudishia ufunguo wa kabati langu, nilifika nyumbani mchana. Mapendo alikuwa amepika sombe, yale majani ya mihogo, na samaki. Alinisogezea kiti, akaketi mbele yangu, akaweka viwiko juu ya meza.

"Bon, Papa Neema. Imekwisha. Sasa unielezee: kule kazi ilikuwaka namna gani?"

Nilifungua mdomo. Nikatafuta siku moja ya kumsimulia, moja tu ambayo angeipenda, na sombe ikapoa katikati yetu.